Rakaa ya Tatu

Siku ya Jumanne, tarehe 7 Oktoba 2003, saa tatu za asubuhi, watu wanne walikutana katika uwanja wa ndege wa Seeb, tayari kwa safari ya kwenda kutembea Lisbon, mji mkuu wa Wareno. Kila mmoja alikuwa ametoka mji wake: Zakariya ametoka Nizwa, Harub ametoka Sur, Asaad ametoka Al Qabil, na Khalaf bin Mahrous, ambaye habari hii ni yake, ametoka Ibra. Wote wanne walikuwa wazaliwa wa Unguja, wote walikuwa wamekwisha kustaafu kazi ya serikali, na hapana hata mmoja aliyekuwa chini ya miaka sitini. Mikoba ilikuwa mitano, kwa sababu Zakariya alikuwa na mkoba mzima wa halua.

Shauri la safari lilikuwa la Asaad. Walipokuwa skuli, mwalimu wao wa historia aliwahifadhisha tarehe za Wareno mpaka wakazijua kuliko siku za kuzaliwa ndugu zao, na Asaad hakuzisahau.

"Watu hawa walikuja kwetu wakakaa miaka mia mbili bila ya kukaribishwa," aliwaambia pale uwanjani. "Sisi tutakaa siku tano, na hoteli tumelipa. Sasa nani mwenye adabu?"

"Adabu utaiona huko huko, watakapokupekua hiyo chupa yako ya kahawa," Zakariya alimjibu, kisha akamgeukia Khalaf, aliyekuwa amevaa koti zito alilonunuliwa na binti yake, Lujain, anayeishi Maskati. "Na wewe, Sheikh Khalaf, koti hilo umelivaa au limekuvaa?"

Khalaf alitabasamu. Yeye hakuwa na haja kubwa ya kuona ngome wala mitaa ya kale. Alikubali kwenda kwa sababu moja: alikuwa na neno la kuwaomba wenziwe watatu, nalo lilikuwa neno la kuombwa uso kwa uso, wote wakiwa pamoja. Alikuwa amelibeba kwa miaka minne na miezi minane. Alitaka wamfungulie ahadi.

Ili ahadi hiyo ifahamike, hapana budi kurudi nyuma. Mwezi wa Machi 1973, vijana hawa wanne walifika Ibra kufanya kazi ya kusomesha. Walipewa chumba kimoja katika nyumba ya udongo, mtaa wa Minzafah, karibu na mfereji wa falaji, na jioni ya kwanza wakajikuta hawana la kusema, kwa kuwa kila alichokuwa nacho mtu cha kusema kilikuwa Unguja. Sala ilipofika, Asaad, aliyelelewa na babu yake mwanachuoni, ndiye aliyewakumbusha hukumu. Msafiri huipunguza sala ya rakaa nne akaisali mbili. Na katika madhehebu yao ya Kiibadhi, mtu asiyenuia kuufanya mji kuwa watani wake, yaani kwao, huwa msafiri hata akikaa humo miaka arobaini, na husali mbili. Siku anaponuia kuwa hapa ndipo kwake, ndiyo siku anayoanza kusali nne.

"Basi sisi watani wetu Unguja," Zakariya alisema. "Tukae miaka mitano, hali ikitengenea turudi. Nani anakubali?"

Walikubali wote. Waliwekeana mikono mmoja juu ya mwengine, na Khalaf, ambaye ndiye mkubwa wao na mwenye kupenda mambo yakae wazi, aliongeza sharti moja: atakayebadilisha nia, awaambie wenziwe kwanza.

Miaka mitano ilipita, ikapita na mingine. Uhamisho ukawatawanya: mmoja Nizwa, mmoja Sur, mmoja Al Qabil. Khalaf alibaki Ibra. Kila walipokutana, ama walikuwa msikitini, nyuma ya imamu mwenyeji, na anayemfuata mwenyeji husali kama yeye. Ama walikuwa njiani, kwenye mandari ya wadi, mabonde ya milimani, au kwenda kuangalia kasa wakitaga Ras al Jinz, na huko wote ni wasafiri. Basi haikutokea hata siku moja ya mtu kumwona mwenziwe akisali peke yake nyumbani kwake.

Khalaf alisali mbili. Watu wa mtaani mara nyingi walimtaka asalishe, imamu anapokuwa na udhuru, naye akikataa kila mara, kwa sababu angetoa salamu katika ya pili na kuwaacha wao wasimame wamalize, na kila mtu angejua kuwa mwalimu Khalaf, mwenye nyumba na watoto na mitende kumi na minane, bado ni mpita njia. Watu wakasema ni unyenyekevu. Sifa hiyo ilimwudhi, lakini hakuikanusha.

Hakusali mbili peke yake. Mkewe, Mahfoudha, alimfuata Ibra mwaka 1975, na mke hufuata nia ya mumewe. Mwanamke yule aliijenga nyumba ile: akapanda mlangilangi uliokataa kuota, akapanda mlimau uliokubali, akajua mashoga wa mtaa mzima, akazika mtoto mmoja hapo na kuozesha wawili. Kila siku alitandika mswala wake nyuma ya wa mumewe na kusali mbili.

"Mwalimu," alimwambia mara moja, akikunja mswala, "mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Sisi tuko mwaka wa ishirini. Hilo jembe litakuja lini?"

"Tumeahidiana," Khalaf alijibu.

"Mimi sikuahidiana na mtu."

Alilisema hilo kwa kucheka. Mwisho wa mwaka 1998, figo zilipomlaza, alilisema tena bila ya kucheka. Alikuwa nyumbani, ametiliwa mito mgongoni, na sauti yake ilikuwa imepungua. Alimwomba mumewe anuie, ili apate kusali nne japo kwa siku chache, katika nyumba yake, kama mtu aliye kwake.

"Nitawauliza wenzangu," Khalaf alisema.

Simu ilikuwa mezani, hatua sita kutoka kitandani. Hakuwapigia. Aliona haya kuwa yeye, mwenye kulitia lile sharti, ndiye atakuwa wa mwanzo kushindwa. Na kila siku akajiambia kuwa kesho atapata maneno mazuri zaidi. Mahfoudha alifariki tarehe 9 Februari 1999, baada ya sala ya Alasiri, ambayo aliisali kwa ishara, rakaa mbili.

Tangu siku hiyo Khalaf alikuwa na haja ya kufunguliwa ahadi. Mkewe amezikwa Ibra; hakuona tena mji mwengine wa kuuita kwake. Lakini alitaka atoke katika ahadi kwa mlango, kama alivyoingia.

Walifika Lisbon jioni. Hoteli ilikuwa ndogo, ghorofa nne, ngazi za mbao, na mwanamke wa mapokezi aliwapa kila mmoja kadi ya kujaza. Wenziwe walijaza kwa haraka. Khalaf aliandika jina lake kwa hati yake iliyonyooka, akaandika tarehe ya kuzaliwa na nambari ya pasi, kisha akafika penye mstari wa anwani ya kudumu. Aliutazama kidogo. Mwisho akaandika sanduku la posta.

Chumba cha Zakariya na Harub ndicho kilichokuwa kikubwa, basi wakakubaliana wasali humo. Walitafuta kibla kwa dira ya Asaad, wakasogeza kitanda, wakatandika mashuka mawili safi. Khalaf alikuwa amekusudia kusema neno lake mara tu watakapomaliza. Alikuwa na sentensi tatu, na alikuwa amezipima.

Zakariya alikuwa akiteremsha mikono ya kanzu baada ya kutia udhu. "Jamaa, tusisahau," alisema, "tangu leo tunapunguza. Mimi mwezi uliopita nilikwenda Salala, nikasimama ya tatu wallahi, kwa mazoea ya nyumbani."

"Mazoea ya nyumbani yana nguvu," Harub alisema. "Mie Sur nasali nne hata usingizini. Nikitoka lazima mtu anikumbushe."

"Ndiyo maana tunaye mkubwa," Asaad alisema. "Pita mbele, Sheikh Khalaf. Wewe hukosei."

Khalaf alipita mbele. Alisoma Fatiha, akarukuu, akasujudu, akasimama ya pili, akakaa, akatoa salamu, kama alivyofanya kila siku kwa miaka thelathini na miezi saba. Nyuma yake wale watatu waliona wamefanya jambo la safari. Alipogeuka, Zakariya alikuwa tayari anafungua mkoba wa halua.

"Ulikuwa na neno, Sheikh?" Asaad alimwuliza. "Ndani ya ndege ulisema una neno."

"Limekwisha," Khalaf alisema. "Nilitaka kuuliza kesho tunaondoka saa ngapi."

Siku mbili zilizofuata walitembea. Mji wa Lisbon umekaa juu ya vilima, na njia zake zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vikateleza kama sabuni. Walipanda tramu ya manjano inayokwaruza kuta za nyumba. Waliuona mnara wa mawe ukingoni mwa mto, ambapo zamani merikebu za Wareno zikipita kwenda baharini, na Asaad akautazama mto kwa muda mrefu kama mtu anayemtafuta mdaiwa. Walikula samaki mchana na usiku, kwa kuchelea nyama, na Harub, mkaazi wa Sur, ambaye kwake samaki ni jambo la heshima, alilalamika kuwa wamemchoma bila hata ya ndimu. Walinunua kokwa zilizochomwa juu ya makaa, kubwa kuliko kungu, zikauzwa ndani ya karatasi iliyokunjwa.

Khalaf aliyaona yote hayo, na kama mtu angemwuliza angeyaeleza kwa utaratibu. Lakini alitembea nyuma yao kwa hatua tano au sita, na akilini alikuwa mahali pengine, akipiga hesabu isiyotaka kufungika. Kama wenziwe walikuwa wakisali nne, basi tangu lini? Kama ni tangu kabla ya mwaka 1998, basi hapakuwa na ahadi siku ile Mahfoudha alipomwomba. Alimnyima mkewe kitu kwa ajili ya watu watatu ambao wenyewe walikuwa wamekwisha kukichukua.

Siku ya Alkhamisi alasiri aliwaambia kuwa magoti yanamwuma, akabaki peke yake katika mtaa wa kale ulio chini ya ngome, ambao vichochoro vyake vyembamba vilimkumbusha Mji Mkongwe hata ikambidi akae. Alikaa juu ya ngazi ya mawe. Juu, dirishani, bibi mmoja alikuwa akianika nguo kwenye kamba, shuka moja, foronya moja, kanzu ya kulalia moja. Kila kitu kilikuwa kimoja. Alipomaliza alimwona Khalaf, akamwambia maneno kwa upole, huenda akimwuliza kama amepotea. Khalaf aliweka mkono kifuani kwa heshima na kutikisa kichwa. Yule bibi akafunga dirisha. Khalaf alikaa pale mpaka baridi ikapenya koti.

Ijumaa waliipanda ngome. Ilikuwa asubuhi yenye jua, na toka juu ya ukuta mji wote ulionekana, mapaa mekundu mpaka mtoni. Asaad aliwasomea kutoka katika kijitabu kuwa kabla ya wafalme wa Kireno, Waislamu walikaa mahali hapa zaidi ya miaka mia nne, kisha wakanyang'anywa.

"Miaka mia nne," Harub alisema. "Wakisali mbili au nne?"

Walicheka. "Nne, bwana," Asaad alisema. "Nani atakayesali mbili kwa miaka mia nne?"

Khalaf alikuwa ameegemea ukuta. Aliuliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya kokwa: "Na wewe, Asaad, ulianza nne mwaka gani?"

"Mimi? Sabini na tisa. Nilipopanda mitende. Mtu hapandi mtende kisha akajiita msafiri. Mtende wenyewe utakucheka."

"Mie themanini na moja," Zakariya alisema. "Siku nilipotia mlango wa mbele. Nilisimama kizingitini nikanuia pale pale."

"Mie tarehe siijui," Harub alisema, "lakini sababu naijua. Binti yangu Fawziya alikuwa ameanza skuli, akaniuliza, Baba, mbona sala yako imekatika? Nikaona haya. Kabla ya tisini hiyo."

"Tulikubaliana kuambizana," Khalaf alisema.

Hapakuwa na lawama katika sauti yake, na kwa hivyo wenziwe hawakujua walipokee vipi. Zakariya alipangusa miwani yake kwa ncha ya shati.

"Kweli, tulikubaliana," alisema. "Lakini yakhe, mtu aanzeje? Nikupigie simu toka Nizwa, nikwambie leo nimeikana Unguja? Nilisema nitakwambia tukionana. Tulipoonana tukazungumza mengine. Baadaye nikaona bila shaka hata nyinyi mshafanya zamani, litakuwa neno la kipuuzi."

"Mimi nilidhani wewe ndiye wa mwanzo," Asaad alimwambia Khalaf. "Uliyebaki Ibra ni wewe. Mke, nyumba, mlimau ule. Wewe mwaka gani?"

Khalaf aliutazama mto. Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalikuwepo, sentensi tatu zile zile, na ya nne ilihusu simu iliyokuwa hatua sita kutoka kitandani. Aliona kuwa akisema, watu hawa watatu watarudi makwao na mzigo, na mzigo wenyewe usingepungua kwake hata kidogo, maana hakuna aliyemzuia kuuliza. Wao hawakusema; naye hakuuliza.

"Mimi nilichelewa kidogo," alijibu.

"Wewe siku zote unachelewa," Harub alisema. "Hata jana tramu ilikuachia mguu mmoja nje."

Wakacheka, na Khalaf akacheka pamoja nao kwa kiasi kilichohitajika. Kisha Asaad akamimina kahawa, kikombe kimoja kikizunguka kwa wanne, na ukutani pale wakala halua ya mwisho.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba, asubuhi, waliteremka Seeb. Waliagana kwa kukumbatiana na kuahidiana kukutana baada ya mfungo. Khalaf aliendesha gari peke yake, milima ikimfuata kulia na kushoto, mpaka Ibra. Alifika saa saba na nusu. Jamaa msikitini walikuwa wamekwisha kusali Adhuhuri na kutawanyika, na barabara ya mtaani ilikuwa tupu kama kawaida ya saa hiyo.

Lujain alipiga simu kabla hajavua koti. "Shikamoo, Baba. Umefika salama? Koti ilikufaa?"

"Marahaba, mwanangu. Lilinifaa."

"Uliwaambia ile maneno yako? Ulisema una maneno na marafiki zako."

"Nimeyamaliza," Khalaf alisema. "Mama yako, mswala wake uliutia wapi?"

"Kabatini, Baba. Kabati ya juu, ndani ya mfuko."

Aliuona mahali alipoambiwa. Ulikuwa wa rangi ya kijani, umechakaa mahali pa magoti. Aliutandika nyuma ya wake, pale pale ulipokuwa ukitandikwa, akatia udhu, akasimama. Alinuia kwa moyo, polepole na kwa utaratibu, kama anayesomea darasa imla: kuwa mji huu wa Ibra ni watani wake; kuwa yeye si msafiri tena. Alitaka kuongeza kuwa na mkewe vile vile, lakini alijua hukumu. Nia ya mume humfikia mke aliye hai.

Alisali rakaa ya kwanza na ya pili. Alipokaa, shingo yenyewe ilianza kugeuka kulia kwa ajili ya salamu, maana katika chumba kile haijapata kusimamwa rakaa ya tatu ya Adhuhuri. Aliirudisha. Aliweka mkono sakafuni, akasimama.

Waliokwenda Lisbon walikuwa wanne, na wanne wamerudi: mmoja Nizwa, mmoja Sur, mmoja Al Qabil, mmoja Ibra. Walioahidiana mwaka 1973 walikuwa hao hao wanne. Katika ile ahadi hakubaki mtu. Waliokuwa wakisali rakaa mbili katika nyumba ya Khalaf bin Mahrous walikuwa wawili. Amebaki mmoja, naye anasali nne.